Injili mbili za siku moja

Nimepotea kidogo, naomba mnivumilie. Wiki hii imekuwa ndefu: tesiti mbili, kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi na dada mmoja wa Mbeya, na bumu ndo hivyo tena, kila mtu anaulizana "limeingia?" Lakini leo sizungumzii bumu. Nataka kuongea kuhusu kalenda.

Nyumbani kwetu Gerezani kuna kalenda mbili ukutani. Moja ni ya duka la vifaa vya ujenzi, ina namba kubwa, na baba ndo anaandikia humo nani anadaiwa geti na nani kalipa nusu. Ya pili ni ya Kanisa, hiyo ni ya mama. Kila siku ina rangi yake, mtakatifu wake, na masomo ya misa. Mama hawezi kwenda misa kila siku, kwa hiyo jioni, baada ya kula, anafungua Biblia na kusoma Injili ya siku kwa sauti. Mmekaa, mmechoka, umeme upo au haupo, Injili inasomwa. Ndivyo tulivyokua.

Kwa ambao hawajazoea, nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Injili hazichaguliwi na padri jinsi alivyoamka. Jumapili zina mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A ni Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka, na Yohane anaingia zaidi kwenye Kwaresima na Pasaka. Siku za wiki za kipindi cha kawaida, Injili ni zile zile kila mwaka: Marko wiki ya 1 hadi ya 9, Mathayo wiki ya 10 hadi ya 21, Luka wiki ya 22 hadi ya 34. Juu ya hapo zinakuja siku za watakatifu, nazo zina madaraja: sherehe, sikukuu, kumbukumbu. Siku ikiwa kumbukumbu tu, kwa kawaida Injili ya siku inabaki ile ile. Ikipanda daraja, mtakatifu anaweza kuja na Injili yake mwenyewe.

Hapo ndo penye hadithi yangu. Siku moja inaweza kuwa kumbukumbu parokiani kwako na sikukuu kubwa kwenye monasteri. Mtaa mmoja unasoma hiki, watawa wanasoma kile, na wote wako sahihi.

Jumanne iliyopita, tarehe 10 Februari 2026, ilikuwa siku ya Mt. Skolastika. Kwetu huku ilikuwa kumbukumbu, kwa hiyo tulisoma Injili ya Jumanne ya wiki ya tano, Marko 7:1-13. Kwa Wabenediktini, Skolastika ni mtu wa nyumbani, dada yake Mt. Benedikto (mapokeo yanasema pacha wake). Kwao ni sikukuu, na Injili inayokwenda na sikukuu hiyo ni Luka 10:38-42, ile ya Martha na Maria.

Mi nilikuwa Gerezani jioni hiyo. Mdogo wangu yuko Ndanda, kwa Wabenediktini. Dada na mdogo wake, siku moja, Injili mbili. Na zilivyopishana, jamani!

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Baba ni fundi wa kuchomelea. Kibanda chake hakiko mbali na Kamata, pale inapopita Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Mageti, madirisha ya nondo, vitanda vya chuma vya wanafunzi wa bweni, hiyo ndo kazi iliyonilipia ada tangu darasa la kwanza. Mdogo wangu alikuwa mkono wake wa kulia. Tangu kidato cha pili, likizo zake zote ziliishia kibandani, na alipomaliza kidato cha sita akaingia moja kwa moja. Anapima, anakata, anasugua na grenda, baba anachomelea. Kwa sababu macho ya baba siku hizi siyo yale. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia linaonekana kulifuata. Kipimo cha futi anaweza kukisoma, milimita ndo kazi.

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 2025, mdogo wangu akatangaza kwamba anataka kuwa mmonaki. Mama alikuwa amemaliza kusoma Injili ya siku, ile ya Marko 1:14-20, Yesu anapita kando ya ziwa anawaita wavuvi. Yakobo na Yohane wanamwacha baba yao Zebedayo ndani ya mashua, wanaondoka. Mama akafunga Biblia. Mdogo wangu akasema, "Baba, na mimi nina jambo." Sidhani kama alipanga. Lakini baba mpaka leo anaamini alisubiri siku hiyo makusudi.

Baba hakugombeza. Alinyamaza, na ule unyamavu uliendelea miezi sita. Kanuni ya Mt. Benedikto, sura ya 58, inasema mtu anayeomba kuingia asifunguliwe kirahisi, aachwe abishe hodi siku nne au tano mlangoni waone kama kweli anataka. Mdogo wangu alibisha miezi sita, na mlango wenyewe ulikuwa wa baba. Kila asubuhi alikwenda kibandani kama kawaida. Wenzake wakamtania: unatoka Gerezani unakwenda gerezani! Akacheka nao, akaendelea kukata nondo.

Akaondoka Jumamosi tarehe 12 Julai, siku moja baada ya Mt. Benedikto. Alhamisi ya wiki ile Injili ilikuwa Mathayo 10:7-15, Yesu anawatuma mitume bila mkoba wala kanzu ya pili. Mama alisoma, akafunga kitabu, akaenda kuongeza sweta kwenye begi ambalo lilikuwa halifungiki tayari. Baba Jumamosi alitoka saa kumi na moja alfajiri, akasema ana kazi ya mtu. Hawakuagana.

Sasa turudi Jumanne. Nilipanda daladala kutoka Mlimani mpaka Kariakoo, nikatembea mpaka nyumbani. Tukala. Mama akafungua Marko 7. Mnaijua? Mafarisayo wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa kwa desturi. Yesu anawageuzia kibao. Anawaambia nyie mnajua sana kutangua amri ya Mungu kwa ajili ya mapokeo yenu. Anatoa mfano: amri inasema waheshimu baba yako na mama yako, lakini kwenu mtu akisema kile ambacho wazazi wangepata kutoka kwake ni korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, basi mnamruhusu asiwatendee wazazi wake lolote tena.

Mama alivyofika kwenye neno korbani sauti ikapungua. Nadhani alitamani kuruka mstari. Baba akainua kichwa, akasema taratibu, "Umesikia? Yesu mwenyewe yuko upande wangu."

Hakuna aliyejibu. Mama akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nimelala na neno hilo siku nne sasa, na ndo maana naandika. Maana baba hakupotosha kitu. Ni kweli imeandikwa. Kuna watu wanatumia Mungu kama kufuli la mfukoni, na Yesu aliwasema hadharani. Na ni kweli pia kwamba saa hizi kibandani kuna kijana wa kulipwa kwa siku, ambaye leo anakuja na kesho haji, na baba anainama juu ya chuma kwa jicho moja.

Halafu kuna barua. Mwezi Novemba mdogo wangu aliandika, akaeleza anavyoishi: kengele ya alfajiri, zaburi, misa, kazi, zaburi tena. Kanuni imepanga zaburi zote 150 ziishe ndani ya wiki moja, kisha wanaanza upya. Akasema amepangiwa karakana. Anachomelea! Akamwandikia baba kwamba sura ya 31 inataka vyombo vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare, hata jembe, hata nyundo, na kwamba kila akifuta grenda jioni anamkumbuka baba, aliyekuwa anamfokea kwa kuacha vifaa kwenye vumbi. Na sura ya 57 inasema mafundi wa monasteri wakiuza kazi za mikono yao wauze kwa bei ya chini kidogo kuliko watu wa nje, ili uchu wa mali usiingie.

Mi niliona barua tamu kabisa. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema: "Kwa hiyo huko anachomelea bure, na bei wanashusha. Na hapa mimi nalipa kijana." Mama akacheka mpaka machozi, na nina hakika siyo yote yalikuwa ya kicheko.

Basi, je, mdogo wangu kafanya korbani? Nimejaribu kulifikiri hili kama ninavyofikiri swali la mtihani, kwa pande zote.

Kwanza, nikiisoma vizuri, mtu wa korbani hatoi kitu. Anasema mali ni ya Mungu ili wazazi wasiiguse, lakini yeye bado anakaa nayo. Neno la Mungu linakuwa kisingizio cha mkono uliofumbwa. Mdogo wangu hana alichobakiza. Sura hiyo hiyo ya 58 inasema anayeweka nadhiri agawe mali yake yote kwanza, na tangu siku hiyo hata mwili wake ajue siyo wake. Begi la mama sijui hata kama bado liko kwake. Kwa hiyo kosa la Mafarisayo siyo lake.

Lakini pili, na hapa ndo pagumu, kutokuwa na kosa hakupimi chuma. Nondo ya kibandani haijui kama kijana aliyeondoka alikuwa mtakatifu au mchoyo. Inataka mtu wa kuishika upande wa pili. Nikarudi kwa Zebedayo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Marko anasema wanawe walimwacha ndani ya mashua pamoja na watu wa mshahara. Kwa nini awataje vibarua? Injili nzima ya Marko ni fupi, haina maneno ya kupamba. Mi nadhani kuna mtu alitaka tujue kwamba mzee hakuachwa peke yake na nyavu. Kuna mikono ilibaki. Na nani alipe hiyo mikono, Injili haisemi. Kwetu, kuanzia mwezi huu, tumekubaliana mimi na mama: kidogo kinachotoka kwenye bumu na kidogo kinachotoka kwenye vitumbua vyake kinaongezea posho ya yule kijana ili aje siku zote sita. Siyo kitu cha kujisifu. Ni hesabu tu.

Tatu, Skolastika mwenyewe. Mapapa wachache wanajua kusimulia kama Gregori Mkuu, aliyeandika maisha ya Benedikto mwishoni mwa karne ya 6. Anasema dada huyu alikutana na kaka yake mara moja tu kwa mwaka, kwenye nyumba iliyo nje kidogo ya monasteri. Mara ya mwisho, jioni imeingia, dada akamwomba kaka yake wabaki wakiongea mambo ya mbinguni mpaka asubuhi. Benedikto akakataa, Kanuni hairuhusu kulala nje. Dada akainamisha kichwa juu ya mikono yake, akasali. Mbingu ilikuwa safi, na ghafla mvua na radi vikashuka hivi kwamba hakuna aliyeweza kutoka mlangoni. Kaka analalamika, dada anamjibu kwamba nilikuomba wewe ukakataa, nikamwomba Mungu akanisikia. Wakakesha. Siku tatu baadaye dada akafa, na kaka akaiona roho yake ikipanda kama njiwa. Akamzika kwenye kaburi alilokuwa amejiandalia mwenyewe.

Kinachonigusa ni maoni ya Gregori: dada aliweza zaidi kwa sababu alipenda zaidi. Hebu fikirini, ni kitabu cha kumsifu Benedikto, na mwandishi anakubali kwamba siku ile aliyeshinda ni dada, siyo mwenye Kanuni! Wabenediktini wangeweza kuificha hadithi hii. Badala yake wameifanya sikukuu. Kila tarehe 10 Februari wanajikumbusha kwamba sheria yao ina mahali inapoishia, na mahali penyewe ni ndugu anayeomba usiku mmoja tu.

Hata Martha tusimwonee. Tumezoea kuhubiriwa kwamba Maria kachagua vizuri, Martha kahangaika na masufuria. Lakini tarehe 29 Julai Kanisa linawaadhimisha Martha, Maria na Lazaro kwa pamoja, na Wabenediktini wanawaita wenyeji waliompokea Bwana. Nyumba moja. Aliyekaa miguuni na aliyebaki jikoni wote waliandikwa kwenye kalenda.

Na kuna Martha mwingine ambaye ni wa barabara yetu. Ukiifuata Barabara ya Nyerere kutoka Kamata, unapita Uwanja wa Ndege, unafika Pugu. Ndiko Wabenediktini wa kwanza walikojenga walipofika Januari 1888. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani yote inawaka kwa vita ya Bushiri dhidi ya Wajerumani, nyumba yao ilishambuliwa. Waliuawa watatu: Bradha Petrus Michl, Bradha Benedikt Kantwerk, na Sista Martha Wansing. Wengine walitekwa, wakakombolewa baadaye. Oneni tarehe. Ni ile ile ambayo mdogo wangu alitamka neno lake, miaka 136 baadaye. Sisemi ni muujiza, nasema tu kalenda ni kitu cha ajabu.

Tukiwa wakweli, wale wamisionari walikuja katika meli moja na ukoloni, na waliowapiga walikuwa wanatetea nchi yao. Hata kusini ni hivyo. Tarehe 14 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabradha wawili na masista wawili, waliuawa njiani upande wa Liwale. Na baada yake jeshi la Wajerumani likalipiza kwa kamba na kwa njaa, makumi ya maelfu wakafa kusini yote. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, juu ya majivu hayo hayo. Mwaka jana tarehe 14 Agosti ilitimia miaka 120, na Injili iliyoangukia siku hiyo kwenye mzunguko wa kawaida ilikuwa Mathayo 18, Petro anauliza asamehe mara ngapi. Leo wanaosali zaburi Ndanda wengi ni wajukuu wa nchi hii hii, na mmoja wao ni kijana wa Gerezani.

Nimalizie na jirani yetu, mzee mmoja fundi mabati, Mwislamu safi, kibanda chake kinatazamana na cha baba. Jumatano asubuhi nilipita kuwasalimia kabla ya kurudi chuo. Baba alikuwa bado ana uso wa jana. Yule mzee akamwambia, "Bwana wee, wangu alizamia meli, mara ya mwisho kupiga simu ni kabla ya korona. Nikimwombea simjui yuko bara gani. Wako unajua yuko wapi, anakula nini, na saa kumi na mbili jioni anafanya nini. Hata ukitaka kumkasirikia unajua uelekee upande gani." Akaendelea kugonga bati lake. Wiki ijayo, tarehe 18, sisi tunaanza na majivu, na mwezi ukiandama wao wanaanza Ramadhani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mtaa mzima utakuwa umefunga, sijui mama ntilie watamuuzia nani.

Baba hakumjibu jirani. Nikaaga. Nimefika kama hatua kumi hivi akaniita. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba tarehe 21 Machi, siku Wabenediktini wanayoadhimisha kufa kwa baba yao Benedikto, nataka kwenda Ndanda na yeye kumwona mdogo wangu. Kanuni inasema mgeni apokelewe kama Kristo, basi tutaenda tukapokelewe. Nilidhani baba ataniuliza nauli. Akauliza: "Hiyo karakana yao, wanatumia mashine gani ya kukatia?"

Sikuwa na jibu. Nimemwandikia mdogo wangu, barua imeondoka jana na mtu wa basi la kusini. Jibu likifika baba atasomewa.

Haya, Jumatatu kuna tesiti nyingine na desa lenyewe bado sijalipata lote. Mnaofunga, mfungo mwema, wa majivu na wa mwezi. Tuombeane.